Maji ya Awamu ya Pili

Ilikuwepo nchi, na kama bado ipo basi lawama si zangu. Iliitwa Jamhuri ya Maridhawa. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana aliyeichora aliiweka juu ya mkunjo, karatasi ikachakaa palepale.

Mwaka wa tatu bila mvua, Waziri wa Maji na Subira, Dakta Lusanjala, alitangaza redioni kwamba Maridhawa haina ukame. Mvua, alisema, imechukua likizo. Haikuwahi kwenda likizo tangu nchi ipate uhuru, siku zake zimelimbikizana, na Serikali inayoheshimu haki za wafanyakazi haiwezi kuirudisha kazini kwa nguvu. Mpaka itakaporipoti, kila nyumba itapewa ndoo mbili za maji kwa siku. Anayetaka zaidi aombe kwa barua, nakala nne, wino wa bluu. Watu waliandika mpaka wino wa bluu ukaadimika nchi nzima, na tatizo hilo nalo likaundiwa idara.

Bi Siwatu wa Mtaa wa Kisimani hakuandika barua. Alikuwa amefua mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa, na mtu wa kazi hiyo anayajua maji kwa ndani: yanabeba nini, yanaacha nini, yanaanza kuoza saa ngapi. Alistaafu na magoti mabovu na mama mzazi wa kumtunza. Mama huyo, Bi Kilua, alikuwa na miaka tisini na ushei. Miguu yake ilishaacha kazi, lakini ulimi ulikuwa bado unaingia zamu asubuhi na jioni. Alilala kitandani kutwa kucha, na asipooshwa kila siku mgongo wake ulifanya vidonda. Chakula kilichokaa tumboni mwake kilikuwa kimoja tu, mchicha na matembele, vichemshwe mpaka vilainike, vipondwe, vitiwe chumvi kidogo. Ukimpa ugali anautema. Ukimpa uji anakuuliza amekukosea nini.

Kwa hiyo hesabu ya Bi Siwatu ilikuwa fupi. Ndoo moja ya kunywa na kupikia. Ndoo ya pili ya kumwogeshea mama, kuosha vyombo na kufua, na hiyo ya pili haikumwagwa. Aliichuja kwanza kwa kipande cha kanga kuukuu kuondoa nywele na mafuta, kisha akaipitisha kwenye mapipa matatu aliyoyapanga nyuma ya nyumba, moja juu ya jingine kwa ngazi: la kwanza kokoto, la pili mchanga uliooshwa, la tatu vipande vya mkaa. Chini kabisa ulitoka mpira wenye matundu uliopita kwenye mashina ya mboga. Ndoo iliyoingia nzima ilitoka robo tatu, ya kijivu hafifu, na harufu ya sabuni kwa mbali. Hakuyalaza maji hayo, maana yakilala yananuka. Hakuyamwagia majani, aliyapeleka kwenye mizizi. Na hakuna mtu aliyeyanywa. "Haya yanywe mchicha," alikuwa akisema, "sisi tutaula mchicha."

Maji yaliyomwogesha Bi Kilua leo yalikuwa mboga yake wiki ijayo, na mwenyewe alilijua hilo, likimchekesha sana.

"Kumbe najila mwenyewe," alisema. "Ongeza chumvi basi, Siwatu. Sina ladha."

*

Mtaa mzima ulikuwa umegeuka rangi ya vumbi, na bustani ya Bi Siwatu ilionekana kutoka mbali. Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Chogo, aliiona siku moja alipokuwa akichungulia juu ya ua kwa sababu za kiusalama. Akaumia kizalendo. Akaandika ripoti kwamba katika nyumba namba thelathini na moja kuna mimea inayoendelea kuishi bila maelezo.

Kesho yake akaja Afisa Tathmini, Bwana Kilumbi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na faili lisilofungika, pamoja na askari wawili.

"Hodi hapa!"

"Karibuni."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Uko chini ya ulinzi."

Bi Siwatu akawatolea vigoda wakakaa.

"Mama," Kilumbi alianza, "haya maji unayaiba wapi?"

"Siibi, baba. Ni ya kwangu. Nimeshayatumia."

"Ukishayatumia si yamekwisha?"

"Yamechafuka tu. Hayajaisha."

Kilumbi aliiandika sentensi hiyo, akaisoma mara mbili, jasho likamtoka. Miaka kumi na minne ya utumishi alikuwa amefundishwa kwamba maji yaliyotumika yamekwisha, na takwimu zote za Wizara zilisimama juu ya msingi huo. Akaomba aonyeshwe. Bi Siwatu alimwaga sufuria la maji ya vyombo kwenye pipa la juu, wakasubiri, na kule chini mpira ukaanza kudondosha. Kilumbi aliinama akagusa shina la mchicha kwa kidole, akakinusa.

"Nani amekupa kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kufanikiwa."

Sauti ya Bi Kilua ikatoka ndani. "Siwatu! Nani huyo anauliza upuuzi?"

"Ni Serikali, mama."

"Aa. Basi mwache amalize."

*

Hapa inabidi nieleze mila moja ya Maridhawa, maana mgeni anaweza asiielewe akadhani watu wale walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na utaratibu.

Katika nchi ile, kitu hakianzi kufanya kazi mpaka kizinduliwe. Aje mgeni rasmi, zulia litandikwe, kwaya iimbe, utepe ukatwe. Kabla ya hapo kitu hicho hakipo, hata kama umekikalia. Kulikuwa na daraja lililomalizika miaka minane nyuma, na watu walivuka mto kwa kuogelea chini yake, wakiinua macho kulisifu. Mbuzi wawili waliothubutu kulipita walifikishwa mahakamani. Kulikuwa na wodi ya wazazi ambayo Waziri alichelewa kuifungua, na watoto mia mbili waliozaliwa humo wakaandikwa kwamba bado hawajazaliwa. Baadhi yao wameshaanza shule na hawaitwi kwenye mahudhurio.

Mapipa ya Bi Siwatu hayakuwa yamezinduliwa. Kwa hiyo Kilumbi aliyazungushia utepe mwekundu wa hariri, akaufunga kwa fundo la kiserikali, akamweka askari mmoja wa kuulinda.

"Hongera sana, mama," alisema. "Umekuwa mradi wa Taifa. Kuanzia sasa usimwage kitu humu ndani mpaka mgeni rasmi aje."

"Atakuja lini?"

"Karibuni."

"Na mboga zangu zitakunywa nini?"

Kilumbi alitafuta kwenye faili. "Matumaini," alisema, naye hakuwa anatania.

*

Wataalamu kumi na saba walikaa siku tisa katika hoteli yenye mabwawa matatu ya kuogelea, ili wawe karibu na mada. Walitoka na taarifa yenye jalada la bluu. Maji yaliyotumika yakapewa jina la heshima, Maji ya Awamu ya Pili. Kisha ikaja hesabu. Kaya ya Bi Siwatu hupokea ndoo mbili na kuzitumia mara mbili, kwa hiyo hupokea ndoo nne. Haki ya kila kaya ni ndoo mbili. Kaya hiyo basi inaipunja Jamhuri. Ipewe ndoo moja, ambayo ni mbili.

Ndipo mtaalamu kijana aliyetoka kusoma ng'ambo akanyoosha mkono, akauliza kwa nini waishie mara mbili. Maji yakipita mapipani mara ya pili ni ndoo tatu, mara ya tatu ni ndoo nne, na ukiwa na subira ndoo moja ni bahari. Ukumbi ulisimama ukampigia makofi. Ikaamuliwa Mtaa wa Kisimani wote uwe Mtaa wa Mfano, na kila nyumba ipewe kidumu kimoja cha lita tano kwa siku, kwa ajili ya kuanzishia. Ikaamuliwa pia kila nyumba igawiwe mapipa matatu. Mapipa yalikuja na picha ya Waziri ubavuni na hayakuwa na tundu chini. Nayo yalifungwa utepe.

Bi Siwatu alifunga safari hadi Wizarani. Alikaa kwenye benchi siku tatu, na siku ya nne akaingizwa, kwa kuwa wapiga picha walikuwepo na Waziri hakuwa na mwananchi.

"Mheshimiwa," alisema, "ndoo ikipita kwenye mapipa hairudi ndoo. Inarudi pungufu. Na inayorudi hainyweki, ni ya mimea tu. Na hata hiyo siipati, mapipa yamefungwa."

Dakta Lusanjala alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa kamera. "Mama, unyenyekevu wako unaniliza." Akafuta jicho kwa kitambaa. Msaidizi wake akakipokea kitambaa kwa mikono miwili na kukikamulia ndani ya chupa ndogo, maana machozi ya Waziri nayo sasa yalikuwa na awamu ya pili.

"Mheshimiwa, mapipa yanafanya kazi au hayafanyi?"

"Kimahesabu yanafanya. Kisheria hayajaanza. Ndiyo maana maji tunayapunguza kwa hesabu na mapipa tunayafunga kwa sheria. Tukichanganya hivyo vitu viwili, mama, tutaonekana wababaishaji."

"Mama yangu ni mgonjwa. Hali kitu kingine. Haoshwi sasa. Atanifia."

"Hawezi," Waziri alisema kwa upole. "Tumeshamweka kwenye ratiba. Yeye ndiye atakayenivisha shada siku ya uzinduzi."

Picha ilitoka gazetini ukurasa wa kwanza. Bi Siwatu alionekana mdomo wazi, na chini iliandikwa kwamba alikuwa akishukuru.

Aliporudi mtaani hakuna aliyemwitikia salamu. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mama Tausi, alikuwa amekaa barazani na kidumu chake mapajani, amekikumbatia.

"Ndoo mbili zilikuwa zinatutosha, Bi Siwatu," alisema. "Ungekubali tu kunuka kama sisi."

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amejiona mjanja, na ujanja wake ulikuwa umeukausha mtaa.

*

Uzinduzi uliahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza Waziri alikuwa ng'ambo kwenye mkutano wa maji, na mkutano ukaongezwa wiki mbili kwa sababu ulikuwa pwani. Mara ya pili zulia lilipimwa likaonekana fupi, na Waziri asingeweza kukanyaga ardhi ambayo ndiyo tatizo lenyewe. Mara ya tatu ukanunuliwa mkasi mpya wa kukatia utepe, wa dhahabu, halafu mwanasheria akakumbusha kwamba mkasi wenyewe haujazinduliwa.

Siku hizo zote bustani ilikuwa inakufa mbele ya macho ya Bi Siwatu. Mchicha ulianza, ukalala chini. Matembele yakajikunja. Migomba miwili ikageuka rangi ya tumbaku. Siku moja alichukua kikombe cha maji aliyooshea kijiko na bakuli, akaenda kuyamimina kwa mkono tu kwenye shina moja. Askari wa utepe akapiga filimbi.

"Mama, huo ni umwagiliaji."

"Ni kikombe, baba."

"Umwagiliaji wa kikombe. Sijui adhabu yake, lakini ipo."

Lita tano zote zilikuwa za Bi Kilua. Bi Siwatu mwenyewe alilamba chumvi akameza mate. Lakini lita tano za kunywa na kupikia haziachi kitu cha kuoshea mtu, na mgongo wa mama yake ukafunguka. Ukaanza kutoa harufu. Mboga zilipokwisha alimpikia uji mwepesi. Bi Kilua alikitazama kijiko, akamtazama mwanawe.

"Nimekukosea nini, Siwatu?"

Zamani swali hilo liliwachekesha wote wawili. Sasa Bi Siwatu alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba akalia bila machozi, maana hakuwa nayo.

*

Siku moja kabla ya uzinduzi, boza kubwa liliegeshwa nyuma ya nyumba. Lilikuwa limebeba lita elfu tisa za maji masafi, yaliyochukuliwa kwenye tangi la hospitali ambayo ilielezwa umuhimu wa jambo lenyewe. Bustani ya Maji ya Awamu ya Pili haiwezi kuonekana kavu mbele ya mgeni rasmi. Wanajeshi walikuja na mchicha kutoka shamba la kambi, wakaupanda na mizizi yake kwa mistari iliyonyooka, na wapaka rangi wawili wakaipaka migomba rangi ya mafuta ya kijani, mara mbili. Kisha bomba likafunguliwa. Maji yalimwagika, yakajaa, yakafurika mpaka njiani, na askari sita wakashikana mikono kuzuia wananchi wasiyakaribie. Mtaa mzima ulisimama upande wa pili ukitazama.

Bi Siwatu alipita chini ya mikono ya askari, akamshika Kilumbi shati.

"Mwanangu, kikombe kimoja. Mama hajameza kitu tangu jana. Koo limekataa uji, na kidumu cha leo kimekwisha."

Kilumbi alimwonea huruma, hilo nalisema kwa haki. Alifungua faili, akapekua karatasi moja moja tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikimcheza. Akafunga.

"Mama yangu, haya ni maji ya umwagiliaji. Hayajaidhinishwa kunywewa. Angekuwa mche ningempa sasa hivi."

Walipoondoka, Bi Siwatu alipiga magoti yake mabovu kwenye tope. Akachota tope lile kwa ncha ya kanga, akaingia ndani, akalikamua juu ya midomo ya mama yake. Yalitoka matone kama kijiko kimoja. Bi Kilua aliyaonja muda mrefu.

"Yana udongo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Matamu."

Asubuhi kwaya ya Wizara ilifika mapema kufanya mazoezi nje ya dirisha. Walikuwa arobaini, wamevaa sare za bluu, wakiimba kwamba Waziri ndiye chemchemi yao. Bi Kilua alifumbua jicho moja.

"Waambie wapumzike," alimnong'oneza mwanawe. "Koo zitawakauka, watoto wa watu."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alikata roho kwenye kiitikio cha pili.

*

Dakta Lusanjala aliwasili saa nne na magari kumi na manane. Alihutubia saa nzima. Alisema kwamba mataifa mengine yanatafuta maji ardhini na mbinguni, lakini Maridhawa imeyatafuta pale ambapo hakuna aliyefikiri, yaani palepale. Alisema kiu ni mawazo ya kikoloni. Alisema mengine ambayo kwaya iliyafunika. Kisha akasogea kwenye mapipa na mkasi wa dhahabu, ambao ulikuwa umezinduliwa juzi yake kwa mkasi wa kawaida, akauliza kwa furaha:

"Haya, yako wapi maji yaliyotumika?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Ili maji yatumike lazima yawepo kwanza, na hilo halikuwa kwenye ratiba. Kilumbi alizunguka mtaa mzima mbio, mlango kwa mlango, akiuliza nani ameoga. Watu walimtazama. Akarudi shati limemganda mgongoni, na hapo ndipo aliposikia kilio kutoka ndani ya nyumba namba thelathini na moja.

Uso wake uling'aa. Maridhawa ilikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kuvunjwa tangu uhuru, Sheria ya Heshima kwa Marehemu. Kila raia anapofariki hupewa ndoo sita za maji safi za kuoshewa, papo hapo, bila barua wala nakala. Jamhuri haikuwa na mzaha na wafu. Kilumbi alipiga simu, na kabla ya dakika kumi na mbili kupita ndoo sita zilikuwa mlangoni, zimejaa pomoni, na gari lililozileta lilikuja na king'ora.

Bi Siwatu alizitazama. Hakuwa ameona maji mengi hivyo ndani ya nyumba yake kwa miezi minne.

"Mngeleta jana," alisema.

"Jana hakuwa na sifa, mama," Kilumbi alijibu. "Pole sana." Akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akaonyesha chini ya kitanda cha kuoshea, ambako wanawake walikuwa wameshachimba ufuo, lile shimo linalopokea maji ya maiti. "Sasa hapo tutaingiza mpira wa pampu, yaende moja kwa moja kwenye mapipa. Mheshimiwa anasubiri."

Bi Siwatu hakumwelewa mara moja. Alipomwelewa, alishika ukuta.

"Maji ya maiti yanafukiwa, mwanangu. Hayapelekwi popote. Hata kuyakanyaga hatuyakanyagi. Huna mama wewe?"

"Ninaye. Lakini kifungu cha kwanza kinasema Maji ya Awamu ya Pili ni maji yoyote yaliyomgusa raia. Na marehemu amekufa akiwa raia mwema." Akashusha sauti. "Ukikataa nitalazimika kurudisha ndoo. Sipendi, mama. Ila zimetolewa kwa ajili ya matumizi, na matumizi yana awamu mbili."

Bi Kilua alikuwa amelala ubavu, amefunikwa kanga. Wiki saba hakuwa ameoshwa. Harufu ilikuwa imejaa chumba, na wanawake walioitwa kumwosha, Mama Tausi akiwa mmojawapo, walikuwa wamejiziba pua huku wakijifanya wanafuta jasho. Bi Siwatu aliwaza kumzika mama yake akiwa katika hali ile, akashindwa. Aliwaza mpira ule, akashindwa pia. Alimchukia Kilumbi, akayachukia mapipa, akajichukia yeye aliyeyapanga kwa mikono yake. Nje tarumbeta zilipulizwa mara ya pili.

"Ingiza," alisema.

Walimwosha taratibu, vizuri, kama inavyotakiwa. Bi Siwatu aliusugua mgongo wa mama yake mwenyewe, akavisafisha vidonda kimoja kimoja, akazisuka nywele zake nyeupe mabutu matatu. Maji yalishuka kwenye ufuo, yakaingia mpirani, yakatoka nje kwenye jua, yakapita kokoto, yakapita mchanga, yakapita mkaa. Utepe ulikatwa. Mapipa yakaanza kuwepo. Na kule chini, kwenye mchicha wa jeshi, yakadondoka maji karibu meupe, kwa sababu mapipa yale, hata baada ya yote, yalikuwa yamejengwa vizuri.

Umati ulishangilia. Wapiga picha wakataka zaidi. Waziri akaomba bilauri.

Bi Siwatu alimwona kupitia dirishani akiikinga chini ya mpira. Alimvuta Kilumbi mkono. "Mwambie hayanyweki! Nilimwambia ofisini kwake, hayanyweki hata yakiwa ya vyombo!"

"Mheshimiwa hakatizwi akiwa kwenye kamera," Kilumbi alisema, rangi ikimtoka.

Dakta Lusanjala alikunywa bilauri nzima kwa mkupuo, akasafisha koo, akalamba midomo. "Matamu," alisema. "Yana uzito fulani. Yana utu ndani yake." Bilauri ya pili akawapelekea mabalozi waliokaa chini ya turubai, wakanywa kwa zamu, wakaandika ripoti nzuri sana.

Wako watu Maridhawa wanaosubiri mpaka leo kusikia kwamba Waziri aliugua. Hakuugua. Alinenepa, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo.

*

Walimzika Bi Kilua alasiri, msafara wa magari ulipokwisha kuwapisha njia. Kidumu cha Bi Siwatu hakikuletwa siku hiyo, kwa kuwa kaya yake ilikuwa imepokea ndoo sita.

Katika zile sita ilikuwa imebaki nusu ndoo. Wanawake walioosha waliinywa uani, kikombe kwa kikombe, bila kutazamana. Bi Siwatu naye alikunywa. Alikuwa na kiu kuliko aibu, na maji yalipoteremka kifuani alisikia raha, raha tupu ya mwili, na akajua kwamba hatajisamehe raha ile mpaka anaingia kaburini.

Jioni walikaa mkekani. Wengine walikuja kutoa pole, wakaketi kidogo, wakaondoka. Alibaki Mama Tausi. Alikuwa amenawa uso, mara ya kwanza kwa wiki nyingi, na ngozi yake ilionekana changa. Aliusokota ukindu wa mkeka kwa vidole. Kisha akasogea karibu.

"Bi Siwatu, samahani kukuuliza leo."

"Uliza."

"Hizi ndoo sita. Huwa zinakuja siku ileile, au mpaka wafanye kikao?"

Bi Siwatu alimtazama. Alilielewa swali, na alimjua mzee aliyekuwa nyuma ya swali hilo, na alikuwa amechoka mno kusema uongo.

"Siku ileile," alisema. "Hata nusu saa haipiti."

"Safi kabisa?"

"Safi kabisa."

Mama Tausi akamshukuru, akampa mkono, akajifunga kanga yake akaenda zake. Barazani kwake mama mkwe wake, Bi Mashavu, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa amekaa akisubiri aletewe uji. Alipomwona mkwewe anakuja anatabasamu, naye akatabasamu, akamsogezea nafasi.